Cheti Changu na Sayari ya Tisa

Cheti changu cha ualimu nilikipata mwaka 1991. Kimo katika bahasha ya kaki, nayo bahasha imo sandukuni pamoja na hati ya ndoa na kadi za kliniki za watoto wangu. Kimeandikwa kwamba nimefaulu somo la Jiografia, na chini yake pana sahihi na muhuri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kufaulu huko kutakoma siku fulani, nami kwa muda mrefu nilidhani kwamba ndivyo ipasavyo. Mtu akishavuka mto, haambiwi arudi avuke tena. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi nilivyoacha kudhani hivyo, na kwa nini naona kwamba yale ambayo mwalimu hutakiwa kuyajua ili apewe cheti yafaa kutazamwa upya kila baada ya muda.

Ilikuwa mwaka 2008, nami nikifundisha katika shule nyingine, mbali na hapa. Niliwapa Kidato cha Kwanza mtihani wa muhula, na swali moja liliwataka wataje sayari zote zinazolizunguka jua. Maksi zilikuwa tisa, moja kwa kila sayari. Mvulana mmoja, mtoto mkimya aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, aliandika sayari nane, kisha akaongeza chini yake: "Pluto haihesabiwi tena." Nikampa maksi nane, na maneno yake nikayakata kwa wino mwekundu.

Siku ya kurudisha karatasi akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu. Nilisikia katika redio kwamba Pluto imeondolewa."

Nikamjibu, "Mwanangu, mtihani hausahihishwi na redio."

Darasa zima likacheka. Nami, nakiri, nilifurahi kuona wanacheka. Yule mtoto akakaa. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika kipindi changu, wala mimi sikutambua kwamba hanyoshi, kwa maana mwalimu mwenye wanafunzi sitini huiona mikono iliyo juu tu.

Wakati wa likizo nilikwenda mjini kwa shughuli zangu, nikapita maktaba. Nikakuta kitabu kipya cha habari za nyota na sayari, nikakifungua bila haja kubwa. Lo! Kumbe tarehe 24 Agosti 2006, katika mji wa Prague, wataalamu wa falaki wa mataifa mbalimbali walikutana, wakapiga kura, wakakubaliana maana ya neno sayari. Ili kitu kiitwe sayari, walisema, sharti kilizunguke jua, kiwe na umbo la mviringo kwa sababu ya uzito wake chenyewe, tena kiwe kimesafisha njia yake kikaondoa vitu vingine vinavyokaribia ukubwa wake. Pluto inatimiza mambo mawili ya kwanza, la tatu haitimizi. Basi ikaitwa sayari kibete, na sayari zikabaki nane. Nilisoma nikiwa nimesimama. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikifundisha jambo lililokwisha kuachwa, na mtoto aliyejua nilimwekea mkasi mwekundu.

Shule ilipofunguliwa, nilisimama mbele ya darasa nikalisema kosa langu, kisha nikamwita yule kijana nikamrudishia maksi yake. Akapokea karatasi kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Asante, Mwalimu. Lakini ripoti ilikwisha kwenda nyumbani."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kweli.

Neno hilo lilinifuata siku nyingi. Nilijiuliza kosa lile lilikuwa la nani. Mwaka 1991 ningaliandika sayari nane, mtahini wangu angalinikosesha, naye angalikuwa na haki. Cheti changu kilisema kweli ya siku ile. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena, wala mimi sikujiuliza.

Basi nikachukua daftari, nikaanza kuorodhesha mambo niliyofaulia mtihani ambayo sasa ni mengine. Orodha ilipokuwa ndefu, nikaona kwamba mabadiliko yenyewe ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza, jambo lenyewe limegeuka. Nilipopata cheti, nchi yetu ilikuwa na mikoa 25. Mwaka 2002 ukazaliwa mkoa wa Manyara. Mwaka 2012 ikafuata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukaja Songwe. Leo mikoa ni 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Hali kadhalika Sudan Kusini haikuwamo katika ramani yangu ya chuoni, maana ilipata uhuru wake Julai 2011.

Namna ya pili, jambo ni lile lile, ila watu wamelipima vizuri zaidi. Watazameni wale walioupima mlima Kilimanjaro. Katika miaka ya 1930 kilikuwapo kipimo cha futi 19,710. Mwaka 1952 wapima ardhi wakapata futi 19,340, ndizo mita 5,895 ambazo kila mtoto wa shule huzikariri. Mwaka 1999 ukapimwa tena kwa msaada wa satelaiti, zikapatikana mita 5,892. Mlima haukuporomoka mita tatu kati ya vipimo hivyo viwili. Kilichobadilika ni chombo mkononi mwa mpimaji.

Namna ya tatu, jambo ni lile lile, ila watu wamebadili maana ya neno. Hapa ndipo ilipo Pluto. Iligunduliwa mwaka 1930, na haijatoka mahali pake. Lakini mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba wameona kitu kingine mbali zaidi, ambacho baadaye kiliitwa Eris, na ukubwa wake wakaribia ule wa Pluto. Ikawabidi wachague: ama Eris nayo iwe sayari, na nyingine nyingi zifuate, ama neno sayari litiliwe mpaka. Wala haikuwa mara ya kwanza. Ceres, iliyogunduliwa mwaka 1801, nayo iliitwa sayari kwa miaka mingi, mpaka wenzake wengi walipoonekana katika njia ile ile, ikaondolewa katika hesabu.

Mwaka jana tulikutana walimu wa Jiografia wa shule tatu kusahihisha mtihani wa ujirani mwema. Tulipomaliza tukanywa chai, na mazungumzo yakaangukia mitaala mipya, iliyoanza kutumika kwa hatua tangu Januari 2024, na ile sheria ya mwaka 2018 iliyounda Bodi ya Kitaaluma ya Walimu na kuweka utaratibu wa usajili na leseni. Mmoja akauliza, "Kama tungeambiwa sisi tuseme mwalimu mpya wa Jiografia apimwe kwa mambo gani, tungesemaje?"

Mwalimu kijana akasema kwamba kila jambo jipya litiwe katika mtihani, na asiyelijua asipewe cheti. Mzee mmoja, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu, akaweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, mwalimu aliye mwisho wa barabara, ambaye hajaletewa kitabu kipya mwaka wa saba huu, utamwuliza habari za Eris? Utampima kwa kipimo ambacho hakuonyeshwa."

Tukanyamaza. Nami nikawasimulia habari za yule mtoto wa dirishani, maana sikuwa na hoja nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Wote wawili, kwa maoni yangu, walikuwa na haki. Mwalimu asiyeletewa kitabu anaonewa. Mtoto anayekatwa maksi kwa kusema kweli naye anaonewa, tena yeye hana mkutano wa kusemea.

Mambo niliyowaambia wenzangu ni haya. Kwanza, sehemu kubwa ya mtihani wa ualimu na ibaki katika yale yasiyotikisika: kusoma ramani, sababu ya usiku na mchana, sababu ya mvua kunyesha zaidi upande wa kusini wa Kilimanjaro kuliko upande wa kaskazini. Mwalimu asiyeweza kueleza hayo hatasaidiwa na habari za jana.

Pili, kipimo kikibadilishwa, habari na vitabu viwafikie pia wale waliokwisha pata vyeti. Mwanafunzi wangu hakufundishwa na mtahiniwa wa mwaka 2008. Alifundishwa na mimi wa mwaka 1991.

Tatu, na hili ndilo kubwa, haitoshi kufuta tisa na kuandika nane. Mwalimu anayekariri nane leo atakuwa kama nilivyokuwa mimi, baada ya miaka ishirini, jambo jingine litakapogeuka. Yafaa aulizwe jambo hilo limejulikanaje. Mimi ningetunga swali hivi: "Kitabu kimoja chasema Kilimanjaro una mita 5,895, na kingine chasema mita 5,892. Mwanafunzi wako akuuliza kipi ni sahihi. Mjibu." Anayejua namba moja tu atakasirika. Anayejua kwamba mlima hupimwa, na kwamba vipimo hutofautiana kwa chombo na kwa njia, atamjibu mtoto kwa upole, naye mtoto atajifunza zaidi ya namba.

Yule mzee akafikiri kidogo, kisha akasema, "Swali hilo hata mimi ningelijibu, bila kitabu kipya." Hapo nikajua kwamba sikukosea sana.

Sina mamlaka ya kutunga mitihani ya ualimu, na maneno yangu yanakoma katika kurasa za gazeti hili. Lakini miongoni mwenu ninyi mnaosoma wamo watakaokuwa walimu, na siku moja mtakaa katika chumba cha mtihani mkitafuta cheti kama changu. Mkikipata, kitunzeni vizuri, ila kila mwaka kitoeni sandukuni, mjiulize kama bado kinasema kweli.

Na ninyi wa Kidato cha Kwanza, mnaoanza mada ya jua na sayari muhula huu, mkiona nimekosea, nyosheni mkono. Atakayesimama aniambie kwamba amesikia jambo katika redio, sitamchekesha darasa. Nitamwuliza walisemaje, na kisha tutakwenda sote maktaba tukatazame, kabla ripoti hazijakwenda nyumbani.