Walikuwa Wangapi?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Mpenzi msomaji, mimi mjukuu huyo ninaye.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, dari ya bweni letu ilijaa popo. Kila magharibi walitoka kwenye ufa kama moshi. Walinuka, walituangushia kinyesi kitandani, na wengine walisema eti ni wachawi. Jumamosi moja tukawasha majani mabichi tukawafukiza, kisha ufa ukapigwa ubao na misumari. Mimi ndimi niliyeshika ngazi. Tulishangilia kama tuliofunga bao! Asubuhi tukawafagia waliokufa.

Jumatatu mwalimu wa bayolojia aliuliza swali moja: "Walikuwa wangapi?" Mmoja akasema mia, mwingine elfu. "Walikuwa aina gani? Walikuwa na watoto?" Kimya.

"Basi," akasema, "hamwezi kujua mmepoteza nini."

Maneno hayo yalinichoma. Nilipoingia maktaba niligundua kwamba hata wataalamu wana pengo kama letu. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, na Kenya ina zaidi ya 100, lakini nyingi hazijahesabiwa mwaka baada ya mwaka. Bila hesabu, nani atajua kama wanapungua? Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo wakiuawa hawarudi upesi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania yuko popo wa Hildegarde, ambaye hulala katika mapango ya matumbawe. Pango likiharibiwa, atahamia wapi? Kwa maoni yangu, utafiti uanze na mambo matatu: wanalala wapi, ni wangapi, na sisi binadamu tunawatendea nini.

Kwani wana faida, jamani! Walao wadudu hutupunguzia nondo waharibuo mazao. Walao matunda hueneza mbegu na kuchavusha mibuyu. Ni kweli wengine hubeba virusi hatari, kwa hiyo usiwashike wala usiingie wanamolala. Lakini kuhesabu hakuhitaji kushika.

Muhula huu popo wachache wamehamia stoo ya zamani. Kila Ijumaa jioni, mimi na wenzangu wawili huketi nje na daftari. Juzi walitoka 37. Si wengi, lakini sasa mwalimu akiuliza tuna jibu. Haba na haba hujaza kibaba.