Isiyoua, Lakini Je, Haiumizi?

Chukua neno "isiyoua" ulichambue. I- inawakilisha silaha, -si- inakanusha, -yo- inarejesha, na -ua ndicho kitenzi chenyewe. Neno hili linatuarifu jambo ambalo silaha haitendi. Kuhusu inachotenda, limenyamaza. Mimi hufundisha Kiswahili nchini Uganda, na kila nifikapo kwenye somo la urejeshi hulitumia neno hili, kwa kuwa ndani yake mna somo la uraia pia.

Jeshi la Marekani lilibuni mtambo unaorusha mawimbi ya gigahezi 95. Mawimbi hayo hayapenyi ngozi hata nusu milimita, lakini huipasha joto ghafla mpaka mtu akakimbia. Mwaka 2010 mtambo huo ulipelekwa Afghanistan, ukarudishwa bila kutumiwa vitani. Sauti nayo imefanywa zana. Mwaka 2005, maharamia walipoishambulia meli ya watalii Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia, mabaharia waliwaelekezea chombo chenye mlio mkali. Miaka minne baadaye, mjini Pittsburgh, polisi walikitumia chombo cha aina hiyo dhidi ya waandamanaji. Zingatia: zana ni ile ile, walengwa sio wale wale.

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Ninachokihofia mimi ni moto usiofuka moshi. Risasi huacha ganda na jeraha. Mlio na joto huweza kumtesa mtu visiache alama ya kuonekana. Aliyeumizwa atamwonyesha hakimu nini?

Utajikingaje basi? Mwili una kinga yake: ondoka upesi mbele ya chombo, ziba masikio, jisitiri nyuma ya ukuta, wala usiukodolee macho mwanga wa leza. Lakini kinga ipitayo zote ni sheria. Mwaka 1990, huko Havana, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zinazotaka silaha zisizoua zitathminiwe kwa makini na matumizi yake yadhibitiwe. Mwaka 1995, mjini Vienna, mataifa yalipiga marufuku silaha za leza zilizobuniwa kupofusha watu daima. Itifaki hiyo ikaanza kutumika mwaka 1998. Tafakari hapo: leza hizo hazikukusudiwa kuua. Zilikatazwa kwa sababu ya kile zilichokusudiwa kutenda.

Basi utakaposikia silaha ikisifiwa kuwa haiui, usitosheke. Uliza: Inautenda nini mwili? Nani ameipima? Ikimdhuru mtu asiye na hatia, nani atawajibika? Raia anayeuliza mapema hahitaji kulia baadaye.

Zoezi: Tunga sentensi tatu zenye urejeshi wa kukanusha, kisha chini ya kila moja andika jambo ambalo sentensi hiyo imelificha.