Mbigili za Shinyanga

Ukifika Shinyanga wakati wa kiangazi, ndugu msomaji, tazama unapokanyaga. Kandokando ya njia za vumbi hutambaa mbigili, mmea mnyonge machoni, ambao mbegu zake kavu zina miiba migumu yenye kuelekea kila upande. Iangukavyo mbegu hiyo, hapakosi mwiba unaotazama juu. Mji huu, ambao kwa miaka mingi baiskeli za kubeba abiria ziliitwa daladala, unaijua vyema.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wa waendeshaji hao. Siku moja aliniazima baiskeli yake, iliyokuwa ndiyo iletayo unga nyumbani, niende kumwona mgonjwa upande wa Mwadui. Nami, kwa kujiona mtu wa tahadhari, nilipitia sokoni kununua mpira wa ndani wa akiba.

"Namba ngapi?" akauliza mwuzaji.

"Ishirini na nane," nikajibu bila kusita. Baiskeli zote nilizokulia, zile nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma, zilikuwa za namba hiyo. Ilikuwa kana kwamba nyingine hazijapata kutengenezwa!

Njiani mbigili zikafanya kazi yake. Nilitoa mpira wa zamani, nikatia mpya, na ingawa ulijikunja ndani ya tairi, nilijaza upepo nikaendelea. Sikufika mbali. Ulipasuka pale pale penye kunyanzi. Mgonjwa sikumwona siku ile. Nilirudi usiku nikiisukuma baiskeli, na alfajiri abiria wa shemeji wakapanda za wenzake.

Fundi mmoja mzee, aliyeketi chini ya mti na karai lake la maji, aliupangusa ubavu wa tairi kwa kidole. "Soma hapa, mwanangu." Palichorwa 26 x 1.75. Namba 28 x 1½, niliyoizoea, ni ya rimu yenye kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa. Hii ilikuwa ya 559. Tena hata ishirini na sita si moja: ile ya 26 x 1⅜ ni ya milimita 590, na tairi zake haziingiliani na hizi. Mpira mdogo mno huvutika ukawa mwembamba, mkubwa mno hujikunja.

Akanionyesha na vali. Iko nene kama ya gari, na iko ile ya kizamani yenye kijimpira chembamba ndani yake. Pampu ya moja huenda isiishike nyingine. Basi, msomaji, unapokwenda dukani chukua namba ya tairi kwenye karatasi, na pampu yako mkononi.

Jioni nilimpelekea shemeji mipira miwili. Aliisogeza kwenye mwanga wa koroboi, akasoma namba, akarudia kusoma.

"Haya, shemeji," akasema, "nawa mikono tule."