Miguu Ipatane na Mikono

Wengi wenu mwaijua mashini ya kushona ya miguu, ambayo mafundi wengi wa Bukavu waitumia hata leo, maana haidai umeme. Kushona kanzu juu yake ni kazi ya kawaida. Lakini kushona blanketi ya matabaka matatu, yaani kitambaa juu, pamba katikati na kitambaa chini, ni jambo jingine.

Mama yetu marehemu alituachia vitenge vinne. Mimi na ndugu zangu tulipatana vikatwe, viunganishwe, vimfunike mtoto wa kwanza wa binti yangu. Nanyi mwajua baridi ya usiku wa Kivu. Kitenge cha marehemu hakinunuliwi tena sokoni. Kwa hiyo mama fundi alinikataza kuvigusa. «Mama, tuanze na vitambaa vikuukuu,» alisema.

Akatoa uzi katika sindano, akaniamuru nikanyage tu. Gurudumu lizunguke kuelekea kwako; likirudi nyuma, uzi hukatika. Nilikanyaga kwa kufuata Salamu Maria, neno kwa neno, ili mwendo usibadilike. (Sijui kama Padri angeihesabu Rozari hiyo!)

Kisha nikafahamu shida yenyewe. Meno ya mashini huvuta kitambaa cha chini, nacho cha juu hubaki nyuma chini ya kikandamizo, na mikunjo hutokea. Dawa yake ni kushikiza matabaka yote kwa mkono, kwa mishono mirefu, kutoka katikati hadi pembeni. Kulegeza kidogo parafujo ya kikandamizo. Na kuweka meza kushoto ichukue uzito, maana blanketi inayoning'inia huipinda sindano.

Huko Marekani ziko mashini kubwa ambazo blanketi hutandazwa juu ya mihimili, na fundi husukuma kichwa cha mashini mithili ya mtu aandikaye. Mkono ukienda upesi kuliko sindano, mishono huwa mirefu, ukikawia, hurundikana. Nyingine zina chombo cha kupima mwendo wa mkono, sindano ikaufuata. Sisi twatumia masikio: mlio ukiwa mmoja, mishono ni sawa.

Siku ya kukata vitenge, kaka yetu mkubwa ndiye aliyeshika mkasi. Alianza na kile cha buluu, cha Jumapili, na hakuna aliyesema neno.

Sasa mistari kumi na miwili imekwisha. Minne yabaki, na mtoto angojewa kabla ya Noeli.