Mfalme Pua ya Shaba

Msomaji mpenzi, hebu toa shilingi mfukoni uitazame. Ni duara kamili, sivyo? Shilingi za Uingereza za karne ya 16, tulikorithi jina hili, hazikuwa hivyo. Fundi aliweka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, akagonga kwa nyundo. Kingo zilitoka zimepindapinda, na wajanja wakazikata kidogo kidogo wakayeyusha vipande. Mwanamume aliyepatikana na hatia alinyongwa, na mwanamke, ole wake, alichomwa moto.

Lakini anayeniudhi mimi ni Mfalme Henry VIII. Kuanzia 1544, vita vikimmalizia hazina, alizidi kuchanganya shaba katika sarafu hadi fedha ikabaki theluthi moja tu. Uso wake ulichorwa ukitazama mbele, hivyo kilicholika kwanza ni pua, shaba ikachungulia! Raia wakambandika jina, Pua ya Shaba. Bei sokoni zikapanda.

Bintiye, Malkia Elizabeth I, aliziondoa sarafu hizo mwaka 1560 na 1561. Waliozirudisha walilipwa chini ya thamani waliyozipokelea.