Farasi Niliowayeyusha

Mimi ni sonara, Unguja, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Kwa zaidi ya miaka 20 nilijua kupima dhahabu, sikujua kuisoma. Iwe pete ya ndoa, mkufu uliokatika au sarafu ya ukumbusho, niliisugua kwenye jiwe, nikaidondoshea tindikali, nikaiweka kwenye mizani, nikataja bei. Nayasema haya wazi kwa sababu huenda nawe unayesoma una jicho kama langu la wakati ule.

Mwezi mmoja wa Shaabani alikuja bibi mmoja na sarafu aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Marehemu mumewe alikuwa baharia, aliipata Misri. Nilimwona Firauni amesimama juu ya gari la vita la farasi, nikaigeuza, nikaiweka kwenye mizani. Daftarini niliandika maneno matatu tu: Misri, 8.5, 21. Yaani gramu na kerati.

"Mwanangu, haina thamani kushinda uzito wake?"

"Haina, bibi. Dhahabu ni dhahabu."

Alikuwa akitafuta ada ya mjukuu. Nilimlipa. Usiku ule niliitia chunguni nikawasha moto. Uso wa Firauni ulilegea kwanza, kisha upinde, kisha kila kitu kikawa tone moja jekundu linalotetemeka. Nikafua vipuli, nikapata faida yangu, nikalala usingizi mzuri.

Mwaka uliofuata nilimpeleka mke wangu Dar es Salaam kwa matibabu. Siku moja, nikisubiri majibu ya vipimo, niliingia Makumbusho ya Taifa, kusema kweli kukimbia jua tu. Ndani nikakuta sarafu za Kilwa. Vipande vidogo vya shaba, vyeusi, kwa mizani yangu havifikii bei ya kikombe cha kahawa. Lakini nilisoma chuoni utotoni, na herufi zile za Kiarabu nilizifahamu. Upande mmoja jina la sultani, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili, kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila. Nikasoma tena kwa sauti ya chini, nikasikia kuwa maneno ya pande mbili yana kina kimoja. Mtu wa pwani hii, karne nyingi kabla yangu, alikaa akatafuta vina kwa ajili ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nilisimama pale jasho likinitoka. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ikipitia Sofala. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, alipiga dinari za dhahabu pia, na zinazojulikana leo zinahesabika kwa vidole. Shaba imebaki kwa sababu haikutamaniwa. Na dhahabu? Moyo wangu ulinijibu: ilipita mikononi mwa watu kama wewe.

Niliporudi Unguja nilitafuta habari za sarafu ya yule bibi. Ilikuwa pauni ya mwaka 1955, iliyotolewa kukumbuka mapinduzi ya Misri ya Julai 1952. Picha ya Firauni akivuta upinde garini ni ya namna ile iliyochongwa ukutani Abu Simbel zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Nilikuwa nimeishika mkononi, na sikuitazama.

Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda kwake. Nilimweleza yote, hata lile jibu langu la haraka. Alinyamaza, kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Mume wangu alikuwa akiitoa kila Idi, watoto wanahesabu miguu ya farasi. Hebu nikumbushe, walikuwa wangapi?"

Sikuweza kumjibu. Akanimiminia chai, akanisukumia sahani ya vileja, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Sikubadilika siku moja. Bei ya dhahabu ilipopanda, kijana mmoja aliniletea sarafu kama ile ile, na nakiri kwamba mkono wangu ulishaufikia moto. Nikauondoa. Nikamwambia ni kitu gani, akaenda nayo kwao. Faida ile niliikosa, na kodi ya duka ilichelewa mwezi ule. Alhamdulillahi, duka bado liko wazi.

Wewe uliye na sarafu ya wazee sandukuni, shida ikikubana, uza, hakuna atakayekulaumu. Ila kabla hujaileta kwetu masonara, itoe juani, isome pande zote mbili, na waite watoto wahesabu miguu ya farasi.