Nilidhani Ngozi Yangu Ndo Tatizo, Kumbe Ni Pinki

Leo sina umbea wa mtu. Leo umbea ni wangu mwenyewe, kaa vizuri.

Mwaka jana nilikuwa mpambe kwenye harusi moja kubwa hapa Dar. Bibi harusi mnamjua, ni msanii wa filamu, jina kapuni. Tulikaa dawati moja sekondari, ndo maana mtoto wa Tabata mimi nikajikuta kwenye ukumbi wa watu wazito. Wapambe tulikuwa sita. Kila mmoja alichanga 180,000 ya gauni, na rangi ikachaguliwa na kamati: pinki ile nyepesi, iliyopoa, kama ya nguo za kichanga.

Siku ya siku, tumejipanga kwa ajili ya picha, dada mmoja wa kamati akaja akanishika bega. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mdogo wangu, hebu simama pembeni kule. Rangi yako inazima picha."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Si unajua kile kicheko cha kujiokoa, unacheka huku koo limekaba.

Picha zikaenda mtandaoni usiku uleule. Mtu mmoja simjui hanijui akaandika: "Huyo wa mwisho kulia katoka kusaga unga mashineni?" Likes mia na kitu. Nikaikuza ile picha nikajiangalia. Ukweli usemwe, hakudanganya. Uso wangu ulikuwa wa kijivu, umepauka, kama mtu anayeumwa.

Lakini kwenye picha hiyohiyo kulikuwa na kitu sikukiona wakati ule. Nitakirudia, usiondoke.

Jumatatu yake nikaenda mjini kutafuta mkorogo. Sitaji mtaa wala duka. Nilipewa kikopo hakina jina la kiwanda, hakina tarehe, 15,000 tu. Muuzaji akaniambia, "Wiki mbili dada, utarudi kunishukuru." Nikapaka asubuhi na usiku kama dozi ya hospitali.

Siku ya 12 niko kwenye daladala, nimekaa dirishani, upande wa jua ukaanza kuwaka kama nimepakwa pilipili. Kufika nyumbani ngozi ya kuzunguka mdomo imeanza kubanduka. Jioni mama akapiga simu ya video kutoka Tanga. Akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, umeungua na nini?"

Nikamwambia jiko la gesi limenilipukia.

Nimedanganya watu wengi kwenye maisha yangu, lakini uongo ule ulinikosesha usingizi. Mama alinitumia 20,000 ya dawa ya moto, hela ya vitumbua. Nikaipokea.

Nikawa nimejifungia ndani, siwezi kutoka, siwezi hata kurekodi video. Kazi ikawa kuperuzi simu tu. Ndo nikakutana na mambo ya rangi za majira. Wengi mmeshaona zile video: msichana anakaa mbele ya kioo bila make-up, anawekewa vitambaa vya rangi mojamoja chini ya kidevu, halafu anaambiwa wewe ni wa majira fulani. Korea Kusini watu wanalipia kabisa huduma hii. Huku kwetu tunatumia filta za bure.

Nikajaribu filta. Asubuhi ikaniambia mimi ni Baridi. Usiku chini ya taa ya chumbani ikaniambia Mapukutiko. Kesho yake eti Kiangazi. Nikasema hii ni ramli. Lakini sikuwa na kazi nyingine, nikaanza kusoma.

Wazo lenyewe si la TikTok. Kulikuwa na mchoraji na mwalimu wa Uswisi anaitwa Johannes Itten, alifundisha chuo cha Bauhaus kule Ujerumani kuanzia 1919. Aligundua kwamba wanafunzi wake wakiachiwa wachague rangi wenyewe, wengi huchagua zinazoendana na ngozi na nywele zao. Baadaye, mwaka 1980, Mmarekani Carole Jackson akatoa kitabu kinaitwa Color Me Beautiful, kikagawa watu kwenye majira manne. Kikauza vibaya sana.

Majira yenyewe usiyachanganye na masika na vuli zetu. Ni ya nchi ambako majani yanageuka rangi na kuanguka, halafu theluji inaingia. Kwa kifupi yako hivi:

Machipuo ni rangi zenye joto, nyepesi na changamfu, kama ya papai lililoiva au kijani cha jani changa.

Kiangazi ni rangi zilizopoa na kufifia kidogo, kama bluu iliyofuliwa sana au zambarau hafifu.

Mapukutiko ni rangi zenye joto na uzito, kama matofali, haradali, ugoro, kijani cha jeshi.

Baridi ni rangi zilizopoa lakini kali, kama nyeusi kabisa, nyeupe pee, bluu iliyokolea. Na humo humo kuna rangi nyepesi sana, kama zimechovywa kwenye barafu.

Siku hizi wameyagawa zaidi yakawa 12, lakini maswali ni matatu tu. Ngozi yako kwa ndani ina joto au imepoa? Mwonekano wako mzima ni mwepesi au umekolea? Na unabeba rangi kali au rangi tulivu?

Hilo swali la kwanza ndo lililonifungua macho. Ngozi ina weusi au weupe tunaouona juu, halafu kuna rangi ya ndani inayochungulia. Kuna mtu mweusi mwenye udongo mwekundu au dhahabu kwa ndani, na kuna mtu mweusi mwenye bluu au zambarau kwa ndani. Wote mtaani tunawaita "weusi" tu, basi. Hata kile kitabu cha 1980 kilifanya hivyohivyo, watu weusi wengi kiliwarundika kundi moja la Baridi. Kumbe tumesambaa kote.

Kutwa nzima nikawa nawaza, mimi ni yupi?

Sasa vitambaa ningevipata wapi? Nikamkumbuka fundi wangu wa nguo hapa mtaani, mzee mmoja ana kiroba kizima cha vipande vilivyobaki. Nikajifunga mtandio usoni, nikaenda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejifunika? Uso umefanyaje?"

Sijui ilikuwaje, nikamwambia ukweli. Yeye ndo mtu wa kwanza. Hakunisema. Alisimamisha cherehani, akatoa kiti nje kibarazani, akaniambia nikae kivulini, nitazame upande wenye mwanga. Ilikuwa saa nne asubuhi. Rasta zangu za rangi akazifunika kwa bitana nyeupe, akanishikisha kioo, akaanza kumwaga kiroba.

Tukaanza na pinki, alikuwa na kipande karibu sawa na kile cha harusini. Aisee! Nikaona kijivu kilekile cha kwenye picha. Vivuli vya chini ya macho vikazidi, na yale mabaka ya kuzunguka mdomo yakajitokeza kama yamechorwa.

Akatoa nyeupe ya sare za shule. Meno yangu yakaonekana ya njano. Akabadilisha akaweka krimu, meno yakarudi.

Akaweka nyeusi, na mimi nyeusi ndo naabudu, nusu ya kabati. Haikuwa mbaya, lakini nilionekana nimechoka. Akaweka kahawia iliyokolea kama kahawa chungu, uchovu ukapungua.

Halafu akaweka rangi ya matofali. Wadau, sijui niwaelezeje. Hakuna kilichobadilika usoni, mabaka yalikuwa palepale, lakini sikuyaona kwanza. Niliona macho yangu. Tukajaribu haradali, tukajaribu kijani cha jeshi, ikawa hivyohivyo. Mimi ni Mapukutiko, ile iliyokolea.

Nikamuuliza, "Fundi, ulikuwa unajua muda wote huu?"

Akasema, "Najua tangu ulipoleta kitenge cha kwanza. Lakini hukuniuliza, ulileta nyeusi nikashona nyeusi." Halafu akakunja kile kipande cha pinki akakirudisha kwenye kiroba. "Nguo ikimkataa mtu, mimi nakata nguo. Sijawahi kukata mtu."

Nikacheka, safari hii kicheko cha kweli, japo mdomo uliniuma.

Jioni nikaifungua tena ile picha ya harusi. Hapa ndo narudi kwenye kile kitu. Wa tatu kutoka kushoto, katikati kabisa, kuna mpambe mweusi kuliko mimi. Mweusi tii. Na alikuwa anang'aa! Pinki ileile, mshono uleule, mpiga picha mmoja. Yeye ngozi yake imepoa kwa ndani, na pinki ile ni ya watu wake.

Kwa hiyo weusi haukuwa tatizo. Ushahidi ulikuwa kwenye picha tangu usiku ule, futi chache kutoka niliposimama. Mimi nilimwamini dada wa kamati, nikaenda kununua kikopo.

Na nilichopaka sikujua hata ni nini. Vikopo vya namna hii vinakutwaga na zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Zebaki haiishii usoni, inapita kwenye ngozi, inaingia mwilini, na figo ndo zinaumia. Kama una kikopo kwenye droo, nakuomba kama ndugu yako, kitoe. Na kama ngozi imeshaanza kubanduka, usijitibu na dawa ya jirani, nenda hospitali. Mimi nilienda nimechelewa.

Haya, ukitaka kujipima mwenyewe fanya hivi, haina gharama:

1. Osha uso, usipake kitu. Wigi au nywele za rangi zifunike kwa kitambaa cheupe.

2. Kaa karibu na mlango au dirisha mchana, kivulini. Usikae juani wala chini ya taa, taa nyingi zina njano yake zinadanganya.

3. Tumia kioo. Kama lazima simu, zima filta zote, na ujue kamera nayo inarekebisha rangi inavyotaka.

4. Tumia vitambaa visivyo na maua. Khanga za mama ni nzuri lakini zina rangi nyingi, zitakuchanganya. Muombe fundi wako vipande.

5. Linganisha viwili viwili: nyeupe pee na krimu, nyeusi na kahawia iliyokolea, pinki iliyopoa na rangi ya papai. Jiulize swali moja tu: naona uso kwanza au naona nguo kwanza? Ukiona nguo kwanza, weka pembeni.

6. Mambo ya kuangalia mishipa ya mkononi kama ni ya bluu au kijani, kwa wengi wetu wenye ngozi iliyokolea hayasaidii, mishipa yenyewe haionekani vizuri. Achana nayo.

Na usiende kutupa nguo zako jamani, hii si sheria. Ni jicho tu, si kipimo cha maabara. Rangi inayohesabika zaidi ni ile iliyo karibu na uso. Mimi nyeusi zangu bado navaa, naongeza mtandio wa haradali shingoni, yameisha. Ule mtandio ni wa mtumba, nimeuokota Karume kwa 2,000. Ukipewa sare ya harusi isiyokupenda, cheza na hereni, lipstiki na kilemba. Na kama uko kwenye kamati, tafadhali, waacheni wapambe wachague kati ya rangi mbili tatu zinazoendana. Picha haitazimika.

Mwezi uliopita nilienda Tanga. Nilivaa gauni la matofali, kashona fundi wangu. Mama alikuwa anakaanga vitumbua, nikachuchumaa pembeni yake nikamwambia kuhusu kikopo. Nikamwambia jiko halikulipuka. Aligeuza vitumbua vyote kimya, mpaka vikaisha kwenye chuma. Halafu akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akaliangalia lile baka moja lililobaki pembeni ya mdomo.

Akasema, "Gauni limekukaa."

20,000 yake nilimrudishia. Alikataa, nikaiweka chini ya kopo la sukari.

Baka bado lipo, ukiangalia picha yangu ya leo utaliona, sijalifunika na sijaweka filta. Haya, zamu yenu. Umejikuta kwenye majira gani, na ni rangi gani uliwahi kuambiwa usivae kwa sababu ya ngozi yako? Niandikie hapo chini, nasoma zote.